Kutoka Madogo hadi Ozi: siku saba kando ya mto Tana

Siku ya kwanza, Jumamosi 22 Februari 2025: Madogo

Safari hii nimeianzia Madogo, ng'ambo ya mji wa Garissa, kwa sababu kutoka hapa hadi baharini mto Tana haupati tena kijito cha kudumu cha kuuongezea maji. Laga zipo, mikondo ya mchanga inayofurika kwa saa chache baada ya mvua na kukauka tena, lakini maji yanayotegemewa na mkulima Mpokomo, mfugaji Muorma na mvuvi wa Kipini ni yale yaliyonyesha mlima Kenya na milima ya Aberdare, na sehemu yake kubwa ikapita kwanza kwenye mitambo ya umeme. Juu ya mto huu yako mabwawa matano: Kindaruma la mwaka 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Nairobi nayo hutoka Ndakaini, kwenye mto Thika, ambao ni mmoja wa mito inayoujaza Tana.

Katika duka nililokunywa chai, mwenye duka alinionyesha mstari wa matope ukutani, usawa wa kifua changu. Ameupaka ukuta rangi mara mbili na bado mstari unajitokeza. Ni alama ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, pale barabara ya kwenda Garissa ilipokatika, watu wakawa wanavushwa kwa boti, na boti moja ikazama na abiria wake. Nilimuuliza kama walipata onyo. Akasema redio ilitangaza kwamba mabwawa yamejaa na kwamba watu wahame. "Wahamie wapi, hilo redio haikusema," akaongeza, huku akinimiminia chai ya pili.

Zamani Tana ilifurika mara mbili kwa mwaka, kwa kiasi, na mafuriko hayo yalikuwa mbolea: yalipopungua, mkulima alipanda kwenye udongo mpya uliolowa, na mfugaji alipata nyasi mbichi kiangazi. Mabwawa yamezifuta nyingi za gharika hizo ndogo. Gharika kubwa, ile ya El Niño ya 1997, ya Novemba 2023 na ya 2024, hayawezi kuizuia, kwa kuwa bwawa likishajaa maji lazima yapite. Kwa hiyo watu wa huku chini wamenyang'anywa mafuriko yaliyowalisha na kuachiwa yanayowahamisha. Nimekuja kufuatilia ni nani mwenye usemi juu ya maji haya na juu ya njia ya kuyafikia, kwa sababu naamini hapo ndipo watu hawa watakapopona au kuangamia, kuliko kwenye mbegu na pampu zinazozungumzwa kila siku.

Siku ya pili, Jumapili 23 Februari: Bura

Barabara ya kuelekea kusini inapita kwenye msitu ambao miaka hamsini iliyopita haukuwepo. Ni mathenge. Mti huu ulipandwa Bura mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati familia kutoka sehemu mbalimbali za Kenya zilipoletwa kwenye mradi wa umwagiliaji, ili upatikane mti usiojali ukame, wa kuni na wa kuzuia jangwa. Nia ilikuwa njema, na kwa maneno ya leo tungeuita mradi wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi.

Mzee mmoja mfugaji alinitembeza kutoka barabarani kuelekea mtoni. Tulitembea kwa kupinda, kwa sababu njia iliyokuwa na upana wa kupitisha ng'ombe mia kwa pamoja sasa ni uchochoro wa mbuzi wachache waliofuatana. Alilivunja ganda moja la njano, akanipa nionje; lina utamu kama wa ukwaju uliokosa ukali. Mbuzi hulipenda, mbegu hupita tumboni salama, nazo huota pale kinyesi kinapoanguka, yaani kando ya njia ileile ya mifugo. Kisha alikaa juu ya gogo, akanivua kiatu na kuning'olea kwa ncha ya kisu mwiba uliotoboa soli yangu na kunichoma unyayoni. Ulikuwa na urefu wa kidole changu cha shahada.

"Mwanangu, walipoupanda hawakumuuliza mwenye mbuzi," alisema. "Sasa wanatuita kwenye semina kutuuliza tutaung'oa vipi."

Wako vijana wanaochoma mkaa wa mathenge na kusaga maganda yake kuwa chakula cha mifugo, na kazi hiyo ni nzuri. Lakini mti unachipua upya kutoka kisikini, na hakuna mwenye jukumu la kuzifungua njia zinazokwenda mtoni, kwa sababu hakuna karatasi inayosema njia hizo ni za nani.

Siku ya tatu, Jumatatu 24 Februari: Hola

Hola ni makao makuu ya kaunti ya Tana River. Wenyeji hukumbusha kwamba hata mradi wa umwagiliaji wa hapa uliwahi kufa mwaka 1989 kwa sababu mto ulihama na kuiacha pampu kwenye nchi kavu, na ukaja kufufuliwa baada ya miaka mingi. Mto huu huhama. Sheria yoyote inayodhani mto umetulia mahali pamoja itakosea.

Nilikuwa nimeomba ruhusa ya kuketi kwenye kikao cha kamati ya mabadiliko ya tabianchi ya wadi moja, na niliruhusiwa kwa moyo mkunjufu. Kamati za namna hii zilijaribiwa kwanza katika kaunti za Isiolo, Makueni, Wajir, Garissa na Kitui, na sasa zimeenea kupitia programu ya kitaifa iliyoanza mwaka 2021 kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Wazo lake ni kwamba wananchi wa wadi wakae, waeleze ukame na mafuriko yanavyowaathiri, kisha wachague wenyewe mradi wa kugharimiwa. Ni wazo lililo bora kuliko yote niliyoyaona yakiletwa huku, na ndiyo maana nalizungumzia kwa kirefu, pamoja na pale linapokwama.

Kikao kilifanyika chini ya mwembe, viti vya plastiki kwa wazee na mikeka kwa wengine. Walikuwepo wanawake watano, na wawili kati yao walizungumza zaidi ya mwenyekiti. Mapendekezo yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa kupanua silanga, yaani bwawa dogo la kukinga maji ya mvua, iliyojaa matope. La pili lilikuwa kuchimba kisima kirefu katika nyanda za malisho ya mvua, mwendo wa siku mbili kutoka mtoni, ili wafugaji wasilazimike kuja mtoni kiangazi na kugombana na wakulima.

Pendekezo la kisima lilipigiwa makofi. Ndipo mfugaji mmoja mwenye umri wa makamo akaomba nafasi. Alieleza kwamba nyanda zile hupona kwa sababu hazina maji. Mvua ikikatika, silanga hukauka, watu huondoka, na majani hupumzika hadi masika. Kisima kikichimbwa, walio na uwezo watabaki huko mwaka mzima, watajenga, na baada ya misimu mitatu hapatakuwa na jani la kuendea wakati wa mvua, na mifugo yote itakuwa mtoni mwaka mzima. Aliikumbusha kamati ukame wa kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha, jinsi ng'ombe walivyokufa wakiwa wamezunguka visima vyenye maji. Walikufa kwa njaa, si kwa kiu.

Pakawa kimya. Mwanamke mmoja akauliza, kama ni hivyo, kwa nini fedha zisitumike kufungua na kuweka alama njia za mifugo kwenda mtoni. Karani wa kikao, kijana mwenye adabu, alieleza kwamba njia hizo huanzia wadi hii, hupita wadi ya pili na kuishia ya tatu, na fedha za wadi haziwezi kuvuka mpaka wa wadi. Angeandika kama pendekezo la ngazi ya kaunti. Aliliandika. Kisha wakapitisha silanga, kisima kikaahirishwa, na mwenyekiti akafunga kikao kwa dua.

Nilitoka nikiwa na furaha na uchungu kwa wakati mmoja. Ujuzi wa kusimamia nyanda hizi upo na ulisikilizwa. Wangapi wamewahi kuuliza swali la yule mfugaji kabla ya kuchimba? Lakini mpaka wa wadi ulichorwa kwa ajili ya kura, na ng'ombe hapigi kura. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 inazitambua serikali za kaunti, na fedha hushuka hadi wadi. Malisho na maji yamelala kwa kukata mipaka hiyo yote.

Siku ya nne, Jumanne 25 Februari: njiani kwenda Garsen

Ni siku ya basi, joto na vumbi. Vuli ya mwisho wa 2024 ilikuwa haba, na makundi ya ng'ombe yalikuwa yakienda njia moja nasi, kusini, kwenye delta, kama yalivyokwenda kila kiangazi tangu kabla ya barabara. Nimelala Minjila.

Siku ya tano, Jumatano 26 Februari: malka

Malka ni neno la Kiorma ambalo Wapokomo nao wanalitumia, na mtu asiyelielewa hawezi kuielewa delta. Ni kivuko au njia inayoachwa wazi kati ya mashamba ili mifugo ifike mtoni kunywa. Mashamba ya Wapokomo yanafuata ukingo wa mto kama utepe, kwa sababu hapo ndipo udongo mzuri ulipo. Ng'ombe wa Waorma hutoka nyuma ya utepe huo. Bila malka, ng'ombe hupita shambani.

Leo asubuhi niliongozana na watu wawili, mzee wa gasa, ambalo ndilo baraza la Wapokomo, na mzee wa matadeda, baraza la Waorma. Wote wawili waliomba majina yao yasiandikwe. Waliamkiana kwa muda mrefu, wakaulizana hali za watoto, za ng'ombe na za maembe, halafu tukatembea hadi kwenye malka moja isiyo mbali na Garsen.

Niliipima kwa hatua. Kwenye mdomo wake, upande wa nyanda, ilikuwa hatua sitini na mbili. Katikati ilikuwa hatua thelathini na nane. Kwenye ukingo wa mto, pale ng'ombe wanaposukumana kunywa, zilikuwa kumi na tisa. Mipaka yake ni mikoma miwili upande wa kaskazini na, upande wa kusini, ua la matawi ya miiba ambalo ni bichi bado. Nyuma ya ua kuna ndizi na mahindi ya mkono mmoja kwenda juu. Mzee wa matadeda alilitazama ua lile bila kusema kitu. Mzee wa gasa ndiye aliyesema: "Hili limesogea tangu Desemba. Nitalizungumza nyumbani."

Nilimwelewa mwenye ndizi pia, kwani nilizungumza naye baadaye. Shamba lake la zamani lilikatwa na mto mwezi Mei mwaka jana. Nusu ekari ilianguka majini usiku mmoja, na miembe ya babu yake ndani yake. Alisogea pale palipokuwa wazi, na palipokuwa wazi ni malka. Hakuna ofisi iliyompa ardhi nyingine. Hivi ndivyo gharika inavyogeuka kuwa ugomvi wa majirani.

Ugomvi huo una makaburi. Kati ya Agosti 2012 na mapema 2013, zaidi ya watu mia moja waliuawa katika delta hii, wanawake na watoto wakiwemo, vijiji vikachomwa moto. Wengi walieleza kwamba ni vita vya kikabila au vya kura, na siasa haikukosekana. Lakini vilikuja baada ya miaka ambayo maeneo makubwa ya malisho ya kiangazi yalipangiwa miwa na mpunga wa mashirika bila wenyeji kuulizwa. Februari 2013 Mahakama Kuu iliagiza mpango wa matumizi ya ardhi ya delta uandaliwe kwa kuwashirikisha wakazi. Mikutano ikafanyika kijiji kwa kijiji, na mwaka 2015 mpango ukakamilika, ukiwa na ramani ya mashamba, malisho, hifadhi na njia za mifugo. Wazee hawa wawili waliketi kwenye mikutano hiyo, kila mmoja akiwa na maiti aliowazika.

Nakala ya ramani niliyoiona imekunjwa mara nyingi hadi mikunjo imetoboka. Wazee wanaitumia. Mkulima akipanda ndani ya malka, gasa humwita na kumpa muda wa kuvuna kisha aondoke. Mchungaji akiingiza ng'ombe shambani, matadeda huthamini hasara na kumtoza. Hawa ni watu wawili wasio na mshahara wala pikipiki, na kwa maoni yangu wamefanya kazi kubwa ya kuhimili tabianchi kuliko miradi mingi yenye vibao. Kilichobaki ni nguvu ya sheria. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaruhusu jamii kusajiliwa, kuchagua kamati ya watu kati ya saba na kumi na watano na kupata hati. Lakini malka haiko ndani ya ardhi ya jamii moja: ni haki ya mmoja kupita katika ardhi ya mwingine, na iwapo kila upande utasajili chake bila kuiandika haki hiyo, hati zitaifunga njia ambayo uzee na aibu vimeiweka wazi hadi leo.

Tuliachana adhuhuri, ng'ombe walipoanza kuteremka. Niliwahesabu hadi mia mbili na arobaini nikashindwa na vumbi.

Siku ya sita, Alhamisi 27 Februari: Kipini

Tulipita Lango la Simba, mahali ambapo barabara ya Lamu ilifunikwa na maji mnamo Novemba 2023, na daraja la Tana, tukafika Witu na kuteremka hadi Kipini. Watu wanajiandaa kwa Ramadhani. Bei ya tende ndiyo habari ya mji.

Nilikaa jioni na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, chombo cha wavuvi ambacho kanuni za mwaka 2007 zilikipa mamlaka ya kusajili vyombo, kukagua nyavu na kupanga uvuvi kwenye eneo lao. Hapa ni Ghuba ya Ungwana, ghuba ya kamba. Wazee walisimulia ugomvi wao wa miaka mingi na meli za kukokota nyavu, ambazo zilisimamishwa mwaka 2006 na kurudi miaka michache baadaye chini ya mpango wa usimamizi wa uvuvi wa kamba wa 2010. Nyavu zao bado zinakatwa usiku, walisema, na wanaozikata hawaonekani.

Lakini nahodha mmoja alinirudisha kwenye mto. Kamba, alisema, anazaliwa baharini, hukulia kwenye mikoko penye maji baridi na matope ya mto, halafu hurudi baharini akiwa na mwili. Mto ukija na maji kidogo, msimu wa kamba huwa mfupi. "Sisi BMU tuna amri juu ya ufuo," alisema, "lakini chakula cha kamba kinafungwa na kufunguliwa huko juu kwenye umeme, na huko hatuna kiti." Nilimuuliza kama amewahi kukutana na watumiaji maji wa sehemu za juu za mto, ambao sheria ya maji huwatambua katika vyama vyao. Hajawahi. Wala hajawahi kuketi na matadeda, ingawa ng'ombe niliowaona Garsen wanakunywa maji yaleyale siku moja au mbili kabla hayajamfikia.

Siku ya saba, Ijumaa 28 Februari: Ozi

Tuliondoka baada ya swala ya Ijumaa, maji yakijaa, ili yatusukume. Mwezi ni mwandamo, kwa hiyo ni bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Mto tuliokuwa tukiupanda, zamani haukuwa Tana bali Ozi. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha miwili hiyo, na Tana ikaufuata. Hata mlango huu wa mto ni kazi ya mikono ya watu.

Wakulima wa Ozi walikuwa na ustadi ambao sijauona kwingine. Bamvua linapojaa, bahari huyazuia maji ya mto na kuyainua, na wao walifungua vijito vyao wakati huo, maji baridi yakapanda yenyewe hadi kwenye majaruba ya mpunga bila pampu. Ustadi huo ulitegemea mto wenye nguvu ya kuiweka bahari mbali. Sasa mto wa kiangazi umedhoofika, sehemu ya maji imechukua mikondo mingine, na kinachopanda kwenye vijito ni chumvi. Tulipita miembe iliyokauka ikiwa imesimama, mikubwa, miti ya vizazi viwili au vitatu, na chini yake mikoko michanga imeanza kuota.

Mama aliyetupokea alinipeleka kwenye ngazi ya udongo anapoteka maji. Ilikuwa karibu saa kumi na moja jioni, maji yamejaa. Aliingiza kata, akaonja, akatema. Akanipa nami nionje. Yalikuwa na chumvi ya mchuzi. Ndoo zake zilikuwa zimejazwa tangu asubuhi, maji yalipokupwa, yakiwa afadhali.

Kisha alitoa chupa ndogo ya plastiki mfukoni mwa kanga, akaijaza, akaifunga, na kumwita mjukuu wake aandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Ndani ya nyumba, juu ya rafu iliyo karibu na dirisha, zilikuwepo nyingine kumi na moja, moja kwa kila bamvua tangu Septemba, kila moja na tarehe yake. Zile za Novemba, alisema, unaweza kunywa. Za Januari haziwezekani.

Nilimuuliza anaziweka za nini. Alisema kamati ya wadi itakaa Garsen kabla ya masika, na mara ya mwisho aliposimama kueleza chumvi, watu wa juu walimsikiliza kwa heshima wakaendelea na ajenda. Safari hii atazibeba kwenye kikapu na kupitisha moja moja, kuanzia mwenyekiti.

Aliiweka ya leo mwisho wa mstari, akaigeuza ili tarehe itazame mbele.